Chini ya Mstari wa Saba

Sehemu ya Kumi na Moja

Tulimwacha Mama Chaki amechuchumaa katikati ya mstari wa saba, mgongo umegota kwenye nguzo ya taa, na gari jeupe lisilo na mtu ndani likimjia taratibu. Kuna msomaji ameniandikia kwa hasira kwamba nimemuua mama wa watu bila sababu. Sijamuua. Wanaofukia watu bila sababu tutafika kwao, tena leo hii.

Gari lilisimama.

Bampa liligusa goti lake, likaligusa tu, kama mtu anayekugusa bega kukuuliza njia. Halafu kimya.

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Treni ya mwisho ya wafanyakazi ilikuwa imeshaondoka. Magari yalikuwa yamejaa hadi getini na wenyewe wote walikuwa mjini, kila mtu kwenye kiti chake cha ofisini. Ndiyo saa ambayo maegesho ya stesheni hutulia kuliko makaburi. Makaburini angalau hupita mtu na jembe.

Mama Chaki akainuka, akapangusa magoti, akachungulia dirishani. Kiti cha dereva kitupu. Breki ya mkono chini, gia iko huru, kama agizo linavyotaka. Lakini vioo vyote vilikuwa na ukungu, na ukungu ulikuwa upande wa ndani.

Mwenye gari ni daktari wa meno. Aliliacha saa kumi na mbili na nusu. Nani alikuwa amekaa humo akipumua muda wote huo?

Akatoa funguo kwenye mfuko wa aproni, akafungua mlango. Harufu iliyomjia usoni ilikuwa ya udongo mbichi, ule wa chini kabisa, unaokutana nao ukishachimba ukaipita mizizi yote.

Kwa anayeanza kusoma leo, nieleze haraka. Maegesho haya yalichorewa nafasi mia mbili, na kila asubuhi yanakuja magari mia mbili na themanini. Wakubwa hawakuongeza nafasi, waliongeza agizo: kila dereva aache gari gia huru, breki ya mkono chini, funguo kwa mlinzi, ili la nyuma likitaka kutoka, la mbele lisukumwe kando. Msukumaji ni mzee mmoja mnene aliyekuwa mpagazi hapo hapo stesheni. Wote wanamwita Gia Huru. Mlinzi ni Mama Chaki. Kila gari likishatulia, yeye huchora mstari wa chaki kutoka ubavuni mwa tairi hadi kwenye lami. Mstari ukiachana, gari limesogea. Aliuanzisha mwenyewe, baada ya kuchoka kusingiziwa mikwaruzo ambayo watu walikuja nayo kutoka makwao.

Mstari wa gari jeupe ulikuwa umeachana kwa hatua nne.

Akaenda kibandani, akamkuta Gia Huru na kikombe cha chai, akamwaga yote aliyokuwa ameyabana moyoni. Kwamba amechoka. Kwamba miaka mitatu sasa anakuta magari ya mstari wa saba yamesogezwa, naye anayarudisha kwa mikono yake, ananyamaza, anajiambia mzee wa watu nguvu zimemwisha, tumsitiri.

Gia Huru akaweka kikombe chini polepole.

"Mama," akasema, "mimi ndiye ninayekusitiri wewe. Nakuta umeyasogeza, nayarudisha, nasema labda ana mambo yake kichwani. Mara mbili kwa wiki. Mara tatu."

"Mimi sijawahi kusogeza gari hata moja mstari wa saba."

"Wala mimi."

Chai ikapoa pale pale mezani. Miaka mitatu watu wawili wenye adabu walikuwa wakisitiriana aibu isiyo yao, kila mmoja akisukuma akidhani anamfichia mwenzake uzembe. Wangekuwa wakorofi kidogo, wakagombana siku ya kwanza, jambo hili lingejulikana zamani.

Walirudi wote wawili mstari wa saba na kuanza kuangalia chaki. Safari hii hawakutafuta nani kakosea, walitafuta magari yanaelekea wapi. La kijani lilikuwa limesogea kwenda kulia. La kijivu, lililo mbali upande wa pili, kwenda kushoto. Jeupe lilitoka nyuma kuja mbele. Gia Huru akanyoosha mkono kwa kila gari kama askari wa barabarani, na kila mkono ulielekea sehemu moja: nafasi ya arobaini na tatu. Ile ile inayobaki tupu kila siku, kwa sababu gari likilazwa hapo, jioni haliwaki mpaka lisukumwe.

"Pamebonyea," akasema Gia Huru, kwa sauti ya mtu anayeomba iwe hivyo.

Mama Chaki akafungua chupa yake ya maji akamwaga hapo. Maji yakakimbia kuelekea getini, kwenye mfereji, kama lami ilivyosanifiwa. Wakamwaga tena. Getini tena.

Maji yalikuwa yanateremka. Magari yalikuwa yanapanda.

Wewe unayelisoma gazeti hili ndani ya behewa, mkono mmoja umeshika chuma: gari lako uliloliacha stesheni asubuhi limelala juu ya jiko la mtu. Sikulaumu, hukuambiwa. Lakini sasa umeambiwa. Hapo palikuwa na mtaa wa nyumba mia moja na kumi na tisa za matofali ya kuchoma, na kisima kimoja katikati. Tangazo la kubomoa lilibandikwa likisema Ijumaa. Tingatinga zikaja Jumatano, watu wako makazini, watoto wako shuleni, masufuria yako motoni. Aliyeandika Ijumaa alijua anachoandika. Faili la ofisi linasema zoezi lilikwenda kwa amani.

Mama Chaki alikuwa na miaka tisa. Kaka yake alikuwa na ishirini na nne, fundi pampu, mtunza kisima. Ni yeye aliyelibandua lile tangazo, akapanda juu ya pipa, akawasomea watu sentensi moja moja na kuwafafanulia kila mahali walipodanganywa. Tangu siku hiyo alikuwa anatafutwa. Na tangu Jumatano ile hakuonekana tena. Faili liliandika: amehama kwa hiari. Shangazi, aliyewalea wote wawili baada ya wazazi kufariki, alimwambia msichana kwamba kaka kapanda treni, ataandika barua.

Miaka thelathini na mmoja. Unajua kwa nini Mama Chaki aliomba kazi ya stesheni, na si ya sokoni au shuleni? Alitaka amtazame usoni kila anayeshuka.

Sasa alikuwa ametazama chini.

Kitu kimoja tu cha zamani hakikubomolewa: daraja la chuma la kuvukia reli. Akiwa mtoto, akitumwa maji, alikuwa akihesabu kutoka ngazi ya mwisho ya daraja hadi kisimani. Hatua mia moja na sitini, ndoo mkononi. Akaenda kwenye ngazi ile akaanza. Lakini hatua za mtu mzima si za mtoto, kwa hiyo akakunja magoti, akafupisha mwendo, akawa anachechemea katikati ya magari na aproni yake imejaa funguo zinazolia.

"Mama," Gia Huru akasema nyuma yake, "unatembea kama kuku aliyemeza uzi."

Gia Huru alicheka mpaka hatua ya mia moja. Kwenye mia moja na thelathini alikuwa ameacha. Ya mia moja na sitini ilikanyaga katikati ya nafasi ya arobaini na tatu, penye unyevu wa maji yaliyokimbia.

Mama Chaki akasimama hapo, bado amekunja magoti. Akasema, zaidi kwa nafsi yake, kwamba haiwezekani, kwamba kaka alipanda treni siku ile ile ya Jumatano, Shangazi alimsindikiza hadi jukwaani.

Gia Huru akageuka akalitazama jukwaa.

"Jumatano ile nilikuwa kazini," akasema. "Hakuna treni iliyosimama hapa. Reli ilifungwa kutwa nzima kwa ajili ya tingatinga kuvuka."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuniambia alipanda siku gani."

Hapo akaja Mkuu wa Stesheni, viatu vinang'aa, simu mkononi. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonichoma. Ningependa awe na pembe, lakini ni baba wa watoto, anasalimia wafagiaji, na alikuwa darasa la pili mtaa ule ulipobomolewa. Alikuja na habari ambazo kwake zilikuwa njema. Madereva wamelalamika kwamba magari ya mstari wa saba yanagongana, ofisi imesikia, na leo saa kumi jioni linakuja lori la zege. Mstari wote utamwagiwa zege nene kiasi cha shibiri mbili. Wayaondoe magari ya mstari huo mapema.

Mama Chaki akamweleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, bila kulia. Aliomba kitu kimoja: kabla ya zege, lami itobolewe pale tu, upana wa mkono, mtu achungulie. Kama hamna kitu, atashika koleo amwage zege mwenyewe.

Mkuu akagusa simu yake mara mbili tatu, akamgeuzia. Ilikuwa picha ya karatasi ya zamani kutoka lile faili la ofisi, kona zimeliwa.

"Mama, mimi karatasi hii nimeikuta," akasema. "Inasema alihama kwa hiari, na ndugu wa karibu ameweka dole gumba. Sasa unataka nitoboe lami ya serikali kwa sababu magari yanatembea?"

"Ndugu gani wa karibu?"

"Hapa hakuna jina. Kuna dole gumba."

Akaondoka. Viatu vyake vilisikika mpaka ofisini.

Ndugu wa karibu. Wakati ule kaka alikuwa na ndugu wawili duniani. Mmoja alikuwa na miaka tisa.

Mama Chaki akampigia Shangazi, ambaye anaishi mwisho wa reli upande wa mjini, katika chumba kile kile walichopewa baada ya bomoabomoa. Alimwambia mambo matatu tu: kisima kimeonekana, zege linakuja, kuna dole gumba. Kisha sauti ya bibi kizee ikasema wasimwage chochote, anakuja na treni ya kwanza.

Treni ya kwanza ya kuja huku ni saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni. Mchana reli yetu haimbebi mtu, imetengenezwa kwa wenye kazi. Na lori ni la saa kumi.

Mama Chaki alikaa kwenye ukingo wa kibanda akahesabu saa hizo mbili ambazo hana. Halafu akainua uso akayatazama magari mia mbili na themanini, yote gia huru, yote breki chini.

Gia Huru alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

"Miaka yote hii nasukuma watu wapate kutoka," akasema. "Acha leo nisukume asitoke mtu."

Walianza na jeupe. Wakaleta la kijani, la kijivu, pikapu ya fundi mabomba, basi dogo la shule ya awali lenye vikatuni ubavuni. Walisukuma kutoka saa nne hadi saa tisa, wakipokezana kwenye usukani, Mama Chaki akichora chaki kila tairi kwa mazoea tu. Gia Huru alikuwa akiyasemesha magari, hili akiliita mheshimiwa, lile bibi harusi, akiyaomba radhi kwa usumbufu. Walipomaliza palikuwa na duara la magari arobaini kuizunguka nafasi tupu, mistari mitatu, bampa kwa bampa, hata paka angelazimika kuomba njia.

Na jambo moja Gia Huru alilisema kwa sauti ya chini, akiwa amejiegemeza hoi. Kwamba kazi ya leo ilikuwa nyepesi mno. Kwamba kila gari lilipofika karibu na mstari wa saba, mikono yake ilikuwa inalifuata tu.

Lori likaja saa kumi kamili. Tingatinga huwahi siku mbili, na zege halichelewi hata dakika. Ni matabibu na walimu tu ndio wanaochelewa kufika mitaani kwetu.

Pipa lake lilikuwa linazunguka mgongoni. Mkuu wa Stesheni alitoka ofisini akaliona duara, akasimama kama mtu aliyesahau alichofuata. Akataka funguo. Mama Chaki akafunika mfuko wa aproni kwa viganja viwili, akasema funguo amekabidhiwa na wenye magari, atawakabidhi wenye magari. Ni agizo lenu, akamkumbusha, limebandikwa pale getini.

Mkuu akafikiri kidogo. Halafu akatabasamu, na hapo nilipata hofu kwa ajili ya mama wa watu.

"Kwani tunahitaji funguo?" akasema. "Si gia huru? Sukumeni."

Ni kweli. Ukuta wao wote ulikuwa na magurudumu.

Vibarua wanane wa zege wakashika gari dogo jekundu la ukingoni, ambalo Gia Huru alikuwa amelileta kwa mkono mmoja. Wakasukuma. Wakabadilisha miguu wakasukuma tena, wakihesabu moja, mbili, tatu. Gari halikutikisika. Mmoja akaingiza kichwa dirishani kukagua: breki chini, gia huru. Wakajaribu pikapu. Wakajaribu basi la watoto. Wanaume wanane, mishipa imewatoka shingoni, na mistari ya chaki ya Mama Chaki iko imenyooka kuanzia tairi hadi chini, haijaachana hata unene wa uzi.

Kibarua aliyekuwa kwenye gari jeupe akaondoa mikono ghafla, akaitazama, akaifuta kwenye suruali. Alisema bodi ni la baridi. Alisema linapumua. Alisema yeye aliitwa kumwaga zege, kazi nyingine hajui, akaenda kukaa barabarani.

Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, bila kuaga.

Alibaki dereva wa lori, akilalamika kwamba zege likikaa litagandia humo humo kwenye pipa na yeye ndiye atakayelipasua kwa nyundo. Mkuu akamwonesha ule mfereji wa chuma unaokunjuka nyuma ya lori. Amwage kupitia juu ya magari. Likidondokea gari la mtu, ofisi itamwandikia barua.

Mfereji ukakunjuliwa, ukapita juu ya boneti jeupe, mdomo wake ukaning'inia juu ya nafasi ya arobaini na tatu.

Mama Chaki akapanda boneti, akateremkia ndani ya duara. Akalala chali pale hatua ya mia moja na sitini ilipoishia, akaiweka aproni vizuri. Hakupaza sauti.

"Mwageni," akasema. "Karatasi mnajua kuziandika. Andikeni na mimi nimehama."

Dereva wa lori akamtazama Mkuu. Mkuu akatazama saa yake. Hivyo ndivyo walivyokaa, nakwambia, karibu saa nzima na nusu: huyu anaamuru, huyu anauliza kama amri ipo kwa maandishi, huyu anapiga simu juu, na huko juu wanasema wasubiri. Mgongo wa Mama Chaki ulikuwa unasikia lami. Baadaye alimwambia Gia Huru kwamba lami ilikuwa ya moto kila mahali isipokuwa chini ya moyo wake, pale palikuwa na ubaridi wa mviringo, mdogo, kama mtu ameweka mdomo hapo.

Treni ya jioni ikaingia.

Watu wakamwagika jukwaani kama kila siku, tai zimelegezwa, viatu vya visigino mkononi, kila mtu akili iko nyumbani. Wakalikuta duara. Ungesikia. Mmoja alidai ana mgonjwa, mwingine ana wageni, mwingine hakuwa na lolote ila alitaka gari lake tu, na kuwa na gari ni sababu tosha. Daktari wa meno ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, mpaka alipofika kwenye gari lake na kuona mfereji wa zege juu ya boneti na mwanamke anayemwachia funguo kila asubuhi amelala chini.

Akamuuliza anafanya nini hapo. Mama Chaki akamjibu akiwa chali, akiangalia mbingu, kwa sentensi chache. Kisima. Kaka. Jumatano.

Waliokuwa karibu wakanyamaza, na kimya kikaenda nyuma, mtu hadi mtu, mpaka getini. Daktari alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo cha gari lake. Alikiondoa akakitazama, kwa sababu kioo kilikuwa kimelowa. Akamwambia dereva wa lori, kwa upole wa watu wa kazi yake, auondoe huo mfereji juu ya gari lake. Dereva alikuwa anasubiri mtu yeyote amwambie hivyo. Akauondoa.

Ndipo watu wakaanza kupisha. Katikati yao alikuwa anakuja bibi mdogo wa mwili, amevaa viatu vya raba, fimbo mkononi, hatazami kushoto wala kulia. Shangazi.

Alifika kwenye gari jekundu lililowashinda wanaume wanane. Akaweka kiganja juu yake, kama unavyopima homa ya mtoto.

"Nipishe, baba," akaliambia. "Ni mimi."

Gari likarudi nyuma. La pili likarudi. Na la tatu. Taratibu, bila mkono wa mtu, njia ikafunguka hadi katikati, na watu mia mbili na zaidi waliona, na hakuna aliyetoa simu kupiga picha. Hilo ndilo linalonifanya niamini.

Mama Chaki akaketi. Shangazi alikuwa amesimama juu yake, amenyoosha mkono wa kulia, ametenga dole gumba.

"Ni hili," akasema.

Alieleza mengi, na mengi nitayafupisha kwa sababu aliyasema kwa tabu. Kwamba tingatinga zilipotokea Jumatano, walikuja na askari wenye jina la kaka kwenye karatasi. Kwamba kisima wakati huo kilikuwa na maji ya magotini tu, na pembeni kaka alikuwa amechimba kijishimo cha kuwekea pampu. Kwamba ni yeye, Shangazi, aliyemwambia ateremke akae humo. Wakamaliza nyumba upande ule wakaja upande huu. "Nilikuwa nimesimama uzioni, nimekushika mkono wewe mwanangu," akamwambia Mama Chaki, "umetoka shule, sare bado mwilini." Wakasukuma kifusi mpaka kwenye kisima. Afisa akaja na karatasi. Akasema familia yenye mtu anayetafutwa haipati chumba, ila kama ndugu huyo amehama, basi amehama.

"Nikasema moyoni, naweka dole, wakiondoka jioni nitafukua kwa mikono," akasema Shangazi. "Jioni walileta mtambo wa kushindilia."

Mama Chaki alikuwa na swali moja tu.

"Aliita?"

Shangazi akatikisa kichwa.

"Hakuita. Angeita, nadhani ningesema. Lakini nilimwambia asitoe sauti, na yule mtoto alikuwa ananisikiliza. Nilimwambia, kaa kimya, usijibu mtu yeyote, mpaka nije mimi nikwambie wameshaondoka."

Mkuu wa Stesheni alikuwa na simu mkononi, picha ya karatasi bado inawaka, hajui aizime au aiache.

Gia Huru akapita katikati ya magari na mtaimbo. Hakuomba ruhusa. Akamsogeza Mama Chaki kando kwa heshima, akapiga lami. Ikatoa cheche. Akapiga tena. Pigo la tatu halikulia kama mengine, lililia kama mlango. La nne likazama, na mtaimbo ukamponyoka mkononi, ukaenda chini. Wakasubiri usikike ukianguka.

Haukusikika. Kana kwamba umepokelewa.

Lilibaki tundu la ukubwa wa kisahani. Pumzi ikatoka humo, ndefu, ile ile yenye harufu ya udongo wa chini ya mizizi, na vioo vya magari arobaini vikafanya ukungu vyote kwa pamoja.

Mama Chaki akapiga magoti, akainamisha mdomo tunduni amwite kaka yake. Lakini sauti ilimtangulia. Ilikuwa ya kijana, ya chini sana, ya mtu anayejitahidi asisikike na wa nje. Nayo haikumwita yeye.

"Shangazi," ikauliza, "wameshaondoka?"

Bibi kizee akafungua mdomo. Akamtazama Mkuu wa Stesheni. Akawatazama wenye magari waliojipanga hadi getini, kila mmoja na mkono ulio tayari kupokea funguo. Akalitazama lori, pipa lake likizunguka, likizunguka.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa amelihifadhi jibu moja, na sasa hakuweza kulitoa.